Mguu wa San Alberto umevimba: shajara ya ngome ya njiti

6 Januari 2024

Mezani pana viberiti kumi, chupa ya gundi, wembe, na picha ya Ngome ya Yesu ya Mombasa iliyopigwa kutoka angani. Nimeshamwambia Khalti, dada wa mama yangu, kwamba nitaijenga ngome hiyo kwa njiti za viberiti, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Khalti akishajua, mtaa mzima wa Kibokoni unajua.

Kipimo ni moja kwa mia: sentimita yangu moja ni mita moja ya Ngomeni. UNESCO, walioiingiza ngome katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, wanaipa eneo la hekta 2.36 pamoja na handaki na viunga vyake. Ukilifanya eneo hilo mraba, kila upande unatoka mita 153 na ushei. Kwangu mimi hiyo ni meza ya mita moja na nusu kila upande, na mlango wa chumba changu cha darini una upana wa sentimita 71. Basi nitajenga kwa vipande: buruji nne, yaani ngome ndogo za pembeni, kila moja na ubao wake, na katikati kipande cha tano. Siku ya kuteremka, kila kimoja kitapita mlangoni kiubavu kama godoro.

Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewachorea Wareno ngome hii, aliipa umbo la mtu aliyelala chali, kichwa baharini. Ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596. San Mathias na San Matheus, buruji za upande wa bahari, ndizo mikono. San Felipe na San Alberto, zinazotazama nchi kavu, ndizo miguu. Nitaanza na mguu wa San Alberto na ule ukuta mrefu unaouunganisha na mwenzake. Sababu kubwa ya kuanza huko ni kwamba ndio upande ninaopita kila siku nikienda kazini.

13 Januari

Leo kazi ilikuwa kuhesabu na kukata vichwa.

Viberiti kumi vimetoa njiti 366. Nikazimwaga juu ya kioo na kuziviringisha moja moja: iliyopinda hujikwaa, iliyonyooka huteleza. Zilizopinda, zilizopasuka na zenye kiuno chembamba ni 92, yaani robo nzima. Zinabaki 274, njiti 27 kwa kiberiti kimoja. Kila njiti ina unene wa milimita mbili hivi na urefu wa milimita 43.

Hesabu ya ukuta: kipande cha sentimita kumi kwa kumi kinakula njiti 116 kwa tabaka moja. Nikiweka matabaka mawili, na nikikadiria mzunguko wa mita tano na nusu kwa kimo cha sentimita 14, naenda karibu njiti 18,000. Hizo ni viberiti 660 na zaidi. Mwenye duka la jumla Marikiti aliniuliza kama nafungua hoteli.

Vichwa navikata kwa kikatio cha kucha, hakuna kifaa kilichoshinda. Mkasi unaponda ncha, wembe unateleza. Kila nikimaliza kiberiti, vichwa vinaingia kwenye kopo la maji vilowe mpaka viwe uji, ndipo vitupwe. Mna salfa mle na klorati ya potasi, na mimi nakaa kwenye nyumba ya boriti. Wazee waliita kitu hiki kwa jina lake: kibrit kwa Kiarabu ni salfa, na kibiriti cha kupaka mtu mwenye upele ni hiyo hiyo salfa. Khalti alilitazama kopo akasema, "Watu wakusanya dhahabu, wewe wakusanya moto."

27 Januari

Mwezi mpevu ulikuwa juzi, kwa hiyo leo ni bamvua na maji yamekupwa sana. Saa nne na nusu asubuhi niliteremka upande wa bahari kutazama ukuta kutoka chini, kitu ambacho sijakifanya tangu tulipokuwa watoto wa kuogelea hapa bila ruhusa.

Nimerudi na tatizo. Miaka yote nimeifikiria ngome kama kitu kilichowekwa juu ya mwamba. Ukiwa chini pale huoni mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Wareno walichonga matumbawe yenyewe, wakainua ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa juu yake, na handaki la upande wa nchi kavu nalo limechimbwa katika jiwe hilo hilo. Kwa hiyo siwezi kuweka sanduku juu ya ubao nikaita ngome. Lazima sehemu ya chini iwe mwamba, na njiti ni kitu kimoja kisichojua kuwa mwamba.

Tatizo la pili ni mlalo. Ukuta hausimami wima, umeegemea ndani kuanzia chini hadi juu. Nilisimama nikiwa na penseli jichoni kama mchoraji, nikapima mlalo kwa macho, mpaka bwana mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi akaniuliza kama ninaumwa.

10 Februari

Wiki hii gumzo la wenye wazimu kama wangu ni la Richard Plaud wa Ufaransa. Amejenga Mnara wa Eiffel kwa njiti 706,900, kimo cha mita 7.19, kwa miaka minane. Guinness, wanaosajili rekodi za dunia, wakamkatalia. Rekodi iliyokuwapo ni ya Toufic Daher wa Lebanon, mita 6.53, ya mwaka 2009, kwa hiyo kimo hakikuwa na mgogoro. Kosa lilikuwa njiti. Plaud alianza kama mimi, akinunua viberiti dukani na kukata vichwa. Akachoka, akaomba kiwanda kimuuzie njiti zisizo na vichwa. Waamuzi wakasema njiti isiyouzwa madukani haihesabiki. Baada ya siku chache za kelele wakabadili uamuzi na kumpa rekodi yake.

Mimi niko upande wake, ila nawaelewa waamuzi kidogo. Njiti iliyotoka kiwandani bila kichwa haikuwahi kuwa na uwezo wa kuwasha kitu. Ni kijiti tu. Za kwangu kila moja ilikuwa moto, mimi ndiye niliyeukata. Nasema haya nikiwa na lengelenge kwenye kidole gumba, kwa hiyo huenda ni wivu.

24 Februari

Kalibu ya kupangia njiti imekubali. Ni kipande cha plaiwudi, pande mbili nimezipigilia vipande vya mbao vilivyonyooka, vikikutana kwa pembe mraba. Juu natandika karatasi ya nailoni ili gundi isishike. Njiti zinapangwa kuanzia kwenye kona, mstari wa kwanza unaanza na njiti nzima, wa pili na nusu, wa tatu nzima, ili viungo visikae juu ya viungo. Mwashi yeyote analijua hili. Gundi napaka ubavuni kwa brashi ya rangi ya watoto, kiasi cha kung'aa tu. Ikitiririka ni nyingi. Kisha nailoni nyingine, kigae cha sakafu juu, na juu ya kigae kinu cha Khalti, ambacho kimeitwa jikoni mara mbili wiki hii.

Tabaka la pili linalala kinyume na la kwanza, kama plaiwudi inavyotengenezwa. Kipande kikikauka siku mbili kinalia ukikigonga, ko ko, na nguvu zake zinashangaza.

Gundi ya kwanza nilinunua ya bei ya chini na sitasema ya nani. Ilikauka ikawa kama ukoko wa wali, ukikunja inapasuka. Nimehamia gundi nyeupe ya maseremala. Khalti alipendekeza uji wa muhogo tuliobandikia tiara za karatasi utotoni. Nikamkumbusha zile tiara ziliishia wapi: mende walizila kabla ya kaskazi kuisha.

16 Machi

Ramadhani imeanza. Nafanya kazi baada ya tarawehe hadi saa sita hivi, feni ikiwa imezimwa kwa sababu inapeperusha njiti.

Leo nimeanza ukuta mrefu wa upande wa nchi kavu, kutoka San Alberto. Kipande cha kwanza kina urefu wa sentimita 60. Nimeamua njiti zisimame wima, zikiegemea pamoja na mlalo wa ukuta, maana zikisimama jicho linapanda nazo na ukuta unaonekana mrefu. Nimeamua pia kwamba tabaka moja linatosha kwa sasa. Njiti zilizonyooka zimebaki chache, na huku nyuma kuna mbavu za kushikilia. Buruji yenyewe nimeijenga kama nilivyopanga, matabaka mawili, la nje njiti zimelala.

6 Aprili

Ukuta umesimama. Nimeubandika kwenye ubao chini, kwenye mbavu nyuma, na kwenye buruji ubavuni. Ukiinama macho yakawa sawa na meza, na ukaizima taa kubwa ukabakisha ile ya pembeni, unaapa ni Ngomeni magharibi. Nimeipiga picha kumi na nne. Wageni wa futari wote wamepandishwa darini, wapende wasipende.

5 Mei

Mvua ya masika, na tangu juzi upepo. Redio inasema kimbunga Hidaya kimefika pwani ya Tanzania, sisi tunapata mkia wake. Stima imepotea tangu jana usiku. Dirisha la darini limekuwa likipitisha manyunyu, na hewa ndani ni nzito, nguo kwenye kamba haikauki siku tatu.

Asubuhi nimekuta ukuta umetoa tumbo. Katikati umeachana na mbavu mbili na kufura nje, na pale unapokutana na buruji, kiungo kimefunguka, kucha inaingia. Buruji yenyewe haina hata ufa.

Khalti alipanda, akatazama kwa muda. "Huu si ulisema ni mguu?"

Nikamwambia ndio, mguu wa San Alberto.

"Basi umevimba. Ukande kwa maji ya chumvi."

11 Mei

Nimekata. Nimepima ziada ni milimita nne katika sentimita 60, nikaupunguza ukuta kwa wembe upande wa buruji, nikaurudisha kwa gundi mpya na vibanio vya nguo. Umekaa sawa. Nimemaliza mapema, nimekula mahamri matano.

22 Juni

Ami, ndugu wa baba yangu, amekuja kututembelea kutoka Likoni. Alikuwa fundi wa milango maisha yake yote, macho sasa yamepungua lakini vidole bado vinaona. Nilimpandisha ngazi pole pole, akaipitisha mikono yake juu ya buruji, juu ya ukuta, akarudi kwenye kiungo.

"Hapa ulikata?"

"Nilikata, Ami. Ulikuwa umevimba."

"Haukuvimba, ulikunywa. Ulikata kusi?"

Nikasema Mei, wakati wa mvua.

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha, na naliandika hapa kama alivyolisema, kwa sababu lingeniokolea miezi mitatu. Mti ukipata unyevu hukua kwa mapana, haukui kwa marefu. Njiti moja ikiongezeka unene wake sehemu moja kati ya mia huwezi kuona. Lakini ukisimamisha njiti 300 bega kwa bega, kila moja inamsukuma mwenzake, na huko mwisho zote zinataka nafasi moja. Ukuta wangu ulikuwa umebanwa na gundi chini, nyuma na ubavuni, hauna pa kwenda, ukatoa tumbo. Buruji ilisalimika kwa sababu ya yale matabaka mawili: tabaka lililolala linamshika mwenzake aliyesimama asitanuke, na mwenzake naye anamshika.

"Na ule mlango wa chini," akasema, akimaanisha wa nyumba hii hii, "ule ubao wa katikati umepigiliwa msumari?"

Nilishuka kutazama kwa tochi. Haukupigiliwa. Umekaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye fremu, na ukiusukuma kwa vidole unacheza. Nimeupita mlango ule tangu nizaliwe.

"Kwa hivyo niukate tena, Ami?"

"Usikate kitu. Ngojea kaskazi ukauke, uone ulichokata."

17 Agosti

Ukuta nimeuacha kama ulivyo. Nimehamia kwenye mwamba, na zile njiti mbovu zimepata kazi. Nazivunja kwa mkono vipande vya urefu tofauti, nasimamisha kila kimoja kikitazama nje kwa ncha yake iliyovunjika, si kwa ubavu. Ncha 25 zinajaza sentimita moja ya mraba. Ukiwa karibu unaona mswaki. Ukirudi nyuma hatua mbili, ni matumbawe, na nyufa zake na vitundu vyake. Hii ndiyo sehemu pekee ya mradi ambayo sikuipanga na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni kazi ya polepole ya kutia uchungu: jioni nzima inatoa kipande cha ukubwa wa kiganja.

Kazi ya namna hii inampa mtu nafasi ya kuwaza. Ufundi wa njiti umehusishwa sana na wafungwa, watu wenye viberiti na muda usiokwisha. Na ngome hii Waingereza waliifanya jela, kuanzia 1895 hadi 1958, ndipo ikatangazwa kumbukumbu ya historia. Hata neno letu gereza, wajuzi wa lugha wanalirudisha kwa igreja la Kireno, yaani kanisa: mle ngomeni mlikuwa na kanisa, baadaye mkawa na wafungwa, jina likabaki likabadili kazi. Sijui kama kuna aliyewahi kukaa ndani ya kuta zile akapanga njiti. Ningependa kuviona vidole vyake.

Mwanangu wa miaka saba ameuliza ni kwa nini ngome yangu haina watu. Nimempa njiti tano zilizoungua, zenye vichwa vyeusi, azipange juu ya ukuta. Amezipanga zote zikitazama jikoni.

19 Oktoba

Mikono yote miwili imekamilika, San Mathias na San Matheus, matabaka mawili kila mahali. Lango bado. Viberiti 412 hadi leo. Kinu kimerudishwa jikoni kwa amri, sasa nakandamizia kwa matofali mawili.

Waomani waliizingira ngome hii kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo ikaanguka. Miezi 33. Mimi niko mwezi wa kumi na Khalti ameshaanza kuuliza chumba chake atakirudishiwa lini.

11 Januari 2025

Kaskazi imekaa vizuri, jua kali, hewa kavu kwa kadiri ya Mombasa, nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Nimekuwa nikikitazama kile kiungo kila Ijumaa tangu Desemba. Wiki ya kwanza palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Wiki ya pili karatasi ilipita. Leo imepita sarafu ya shilingi moja, ikasimama yenyewe.

Ziko wapi zile milimita nne nilizozikata? Zimo kwenye ufa huu, karibu zote. Mei niliukata ukuta uliolowa ukaenea, sasa umekauka na haufiki. Nilimpigia Ami simu. Hakunicheka mara hii, aliuliza tu kama nimetia kitu kwenye ufa. Nikasema sijatia. Akasema, "Afadhali."

25 Januari

Siku mbili za kazi, na nimezifurahia kuliko mwezi mzima wa mwamba.

Nimeung'oa ukuta wote kwa kitambaa chenye maji ya moto, gundi ikilegea kidogo kidogo. Njiti 31 zimekufa. Nyuma yake nimebandika tabaka la pili, njiti zimelala, kama ilivyotakiwa tangu Machi. Hata hivyo sikuuamini tena, kwa hiyo nimefuata mlango wa chini. Kwenye ubavu wa San Alberto nimejenga mfereji: mistari miwili ya njiti iliyosimama, katikati nafasi ya milimita tano kwa unene, kina cha milimita nane kwenda ndani. Mwisho wa ukuta unaingia humo bila gundi. Upande wa San Felipe ndio uliobandikwa. Chini nako nimebandika sentimita kumi za upande huo tu, kwingine umekaa ndani ya mfereji kama ule ule. Mbavu za nyuma zinaugusa, haziushiki.

Kwa mbele huoni kitu. Ukingo wa buruji unaufunika mfereji, na ule urefu uliokuwa umepungua nimeufidia kwa mistari mitatu ya njiti mpya. Hizo zina rangi ya maziwa, wenzao wameshageuka asali. Nilifikiria kuzipaka chai zifanane. Nikaziacha.

Ami alikuja leo kwa feri ya asubuhi kuukagua. Aliusukuma ukuta kwa kidole kimoja, ukaingia kidogo ukarudi. Akausukuma tena. Kisha akaomba penseli, akanishika mkono akaupeleka mahali ukuta unapozama kwenye mfereji, akaniambia nichore mstari hapo, mwembamba, niandike na tarehe. Nimeandika: 25 Januari, kaskazi.

Pembeni pake nimeacha nafasi ya mstari wa Mei.